Ngamia Wawili, Mmoja Anachechemea

Nilimdanganya karani, na sikuona haya. Naandika hilo mwanzo kabisa ili mtu asije akasema nimelificha. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi moja, binti wa bara, na viatu visivyofaa kwa mchanga wetu, amekumbatia mafaili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikamkaribisha mkekani, nikampa chai ya maziwa ya ngamia. Akainusa. Akainywa. Akaomba nyingine, nami nikaamua kwamba si mtu mbaya.

"Nyanya," akasema, "tunaandika mifugo ya kila nyumba. Una ngamia wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu?"

"Na mmoja anachechemea."

Akaandika. Nilimwona, maana nasoma kidogo. Nilikaa miaka miwili kwenye darasa la ngumbaru pale Habaswein, wanawake tupu, tukifundishwa na mwalimu aliyetuogopa. Aliandika mbili, akaongeza alama pembeni, nadhani ya kuchechemea.

"Na mbuzi?"

"Wale unaowaona ni wa jirani."

Wakati huo mbuzi wangu mmoja alikuwa amesimama mlangoni anatafuna kamba ya kiatu chake.

Ngamia wangu walikuwa mbali, upande wa Eldas, pamoja na mwanangu, wakifuata majani ya mvua iliyonyesha huko ikatuacha sisi. Walikuwa wangapi? Na wewe usiniulize. Kwetu mtu hataji idadi ya mifugo yake. Muulize mwenye zizi lililojaa mpaka miiba ya ua imepinda kwa nje, atakwambia anao wachache, alhamdulillahi, huku anatazama upande mwingine. Ukitaja, jicho linasikia. Leo umetaja, kesho kutwa ngamia wako bora anaanza kukohoa. Mama yangu alinikuta siku moja, mtoto mdogo, nawanyooshea kidole mmoja mmoja ngamia wanaorudi zizini. Kofi lilitangulia, maelezo yalikuja baada ya wiki.

Na kuna jambo lingine, ambalo wazee wetu hawalitaji kwa sababu si la dini. Tangu enzi za wazungu, mtu wa ofisi akija na kalamu kuhesabu wanyama, ujue kuna wanyama watakaoondoka naye. Kwa hiyo jicho baya na afisa wa serikali tuliwaweka katika kapu moja, na kusema kweli hawajawahi kugombana humo ndani.

Nilidhani nimedanganya peke yangu. Kumbe nilikuwa mwanafunzi tu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ngamia wake wakivuka barabara ya Garissa dereva anaweza kushuka, akatawadha, akaswali na kurudi bado wanavuka, alimwambia yule binti, "Sisi maskini, binti yangu. Hata baka hatuna." Alikusudia paka. Mzee wa nyumba ya pili akaona huo umaskini haujatosha. Akasema, "Yeye afadhali. Mimi hata wakimbizi wa Hagadera wakiniona wananipa sadaka." Wa tatu akavua kofia, akaonyesha upara, kana kwamba nao ni ukosefu wa mifugo.

Walishindana hivyo kutwa nzima. Yule binti alipoondoka macho yalikuwa mekundu. Alituachia pakiti mbili za biskuti, na shemeji yangu akala moja nzima.

Hakuna aliyemuuliza anahesabu kwa ajili gani. Tulikuwa na hakika. Watu wakija kuuliza una nini, maana yake kuna mahindi ya msaada yanakuja nyuma, na mwenye kidogo ndiye anayepimiwa kingi. Tulikaa tukisubiri lori la mahindi.

Lori likaja kweli. Lilikuwa na nguzo za chuma na mabunda ya seng'enge.

Sasa niseme kuhusu mahali peupe. Kutoka kwangu ni mwendo wa nusu saa, kwa miguu yangu ya sasa. Hapana mti hapo. Ardhi ni nyeupe, inang'aa kama mtu kaanika mashuka ya hospitali, na ukigusa udongo kwa ulimi una chumvi. Watu wa bara wakipita wanauliza, "Hapa mnafanya nini? Hakuna kitu." Ni kweli, ukiwa si ngamia hakuna kitu. Lakini ngamia kila kiangazi lazima apelekwe kwenye chumvi. Anakaa siku kadhaa, analamba, anatafuna vile vichaka vya chumvi vya pembeni, analala juu yake, analamba tena. Akikosa, ngozi inamtoka kwa upele, anaanza kuokota mifupa na kuitafuna kama fisi, na maziwa yanapungua mpaka unakamua povu. Mimi naishi kwa maziwa hayo. Yanapelekwa Habaswein kwa pikipiki, yanapakiwa kwenye gari la Garissa kwenye mitungi ya manjano, na ndiyo yaliyonilishia watoto baada ya baba yao kufariki. Bila chumvi hiyo mimi ni bibi kizee mwenye mitungi mitupu.

Kampuni iliyoleta lile lori haikutaka chumvi. Ilitaka mawe yaliyo chini yake, jipsamu, ya kutengenezea saruji. Nililipenda sana hilo niliposikia. Sisi tunalala kwenye nyumba za miti na mikeka tunazozifunga juu ya ngamia tukihama, halafu ardhi yetu ndiyo inayosafiri kwenda kuwa ghorofa la mtu mwingine.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu, kwa Kiswahili cha kukaza shingo. Wazee walikuwa wamesimama mbele yake mikono nyuma, wanalitazama kama watu wanaosoma. Nikapita katikati yao. Nilisoma taratibu, kwa kidole, na kwa sauti, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Lilisema eneo litazungushiwa ua na kuchimbwa. Lilisema limekaguliwa na kuonekana halina matumizi makubwa. Kisha likaja neno "mifugo". Mbuzi saba, punda mmoja, ngamia wawili.

"Ngamia wawili hao wa nani?" akauliza shemeji yangu.

"Wangu," nikasema. "Na mmoja anachechemea."

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea kusoma. Mwenye pingamizi alitakiwa kuja kwenye mkutano wa mwisho, Alhamisi ya wiki ya pili, hapo hapo penye ardhi nyeupe. Baada ya hapo ua ungefungwa.

Wazee walianza kumtukana karani. Mwongo huyu. Ametumwa. Amekula kitu. Niliwaacha wakaishiwa pumzi.

"Hajadanganya," nikasema. "Ameandika tulichosema. Wewe ulisema huna paka. Yuko wapi paka wako kwenye hii karatasi? Hayupo. Binti ni mwaminifu."

"Wewe mwanamke una ulimi," akasema shemeji.

"Ninao. Na ndio niliotumia kudanganya, kama wewe."

Tukaingia kwa chifu. Chifu wetu ni mtu mzuri, mtoto wa hapa hapa, ana kiti kinachozunguka. Shemeji akaeleza kwamba kuna makosa kwenye karatasi: mifugo ni mingi na yote inategemea ile chumvi.

"Mingi kiasi gani?" akauliza chifu, ameshika kalamu.

"Mingi."

"Adeer, ami yangu, nimesikia mingi. Nambari."

Shemeji akatazama dari. "Mingi ya kutosha."

"Nikiandika 'ya kutosha', wale watu wa Nairobi watanicheka. Nipe nambari ya ngamia wako tu."

Nilisikia kuku nje. Yule mzee wa upara akakohoa. Shemeji akasema, "Muulize huyu," akamwonyesha jirani yake, na jirani akasema yeye hana anachojua, yeye alikuja tu kumsindikiza mwenzake.

Nikamgeukia chifu. "Na wewe, mwanangu? Ngamia wako waliandikwa?"

Chifu alizungusha kiti mpaka akatazamana na dirisha. "Ayeyo, bibi yangu," akasema, "tuzungumze mambo ya mkutano."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Ofisi imejaa wanaume wenye ngamia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ngamia.

Mwanangu alinipigia simu siku ile ile kutoka upande wa Eldas. Majani yamekwisha, anarudi. Nikamuuliza wanyama wakoje. Akasema wengine wameanza upele shingoni, na yule jike mkubwa, ambaye ndiye mama wa nusu ya zizi langu na alikuwa na mimba, ameonekana anatafuna mfupa wa punda. "Wanahitaji chumvi, hoyo, mama yangu," akasema, "na haraka." Angefika Jumatano. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Ua ungefungwa Ijumaa. Mahali pengine pa karibu penye chumvi pako kwenye eneo la ukoo ambao tulipigana nao nikiwa msichana, na hawajasahau, na sisi pia hatujasahau.

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Kisha nikamwita mke wa mwanangu, anayekaa nami. Ni mwanamke wa maneno machache, jambo ambalo nalishukuru kwa sababu ya kwangu yanatosha nyumba nzima.

"Alhamisi," nikamwambia, "tunawapeleka mkutanoni."

"Akina nani?"

"Ngamia."

Alikuwa anafukiza mtungi wa maziwa kwa moshi. Aliuweka chini. "Wote?"

"Wote."

"Mbele ya watu wenye simu za kupiga picha?"

"Mbele yao."

"Hoyo, watu watasema umerukwa na akili."

"Walishasema nilipokataa kuolewa na shemeji. Nilipona."

Habari haikai kwetu. Kabla ya adhuhuri shemeji alikuwa amefika, fimbo mkononi, hataki chai, dalili kwamba amekasirika sana. Aliniambia ngamia wale si wangu peke yangu, wana alama ya ukoo mashavuni, na nikiwaanika mbele ya wageni nimeanika ukoo. Akaniambia tangu babu wa babu hakuna mtu aliyefanya ufedhuli huo. Akasema nikifanya, jicho likishuka, nisimwite kuja kusoma dua.

"Una wazo lingine?" nikamuuliza.

"Tutaenda sisi wazee. Tutazungumza nao."

"Mtawaambia nini? Kwamba ni wengi wa kutosha?"

Alinyanyuka. Mlangoni akageuka. "Kaka yangu alikudekeza."

"Kaka yako," nikasema, "aliniambia hivyo hivyo kuhusu wewe."

Nisidanganye tena: niliogopa. Usiku ule wa Jumatano nilikuwa peke yangu na kumbukumbu ya mama yangu, na kofi lake lilikuwa shavuni kwangu kama jana. Mimi naliamini jicho. Nacheka mambo mengi, lakini hilo naliamini kama ninavyoamini kwamba chui yupo hata kama simwoni. Ila nilijiambia hivi: chui anachukua mmoja, anaondoka. Seng'enge inachukua wote.

Alhamisi walisimamisha hema juu ya ardhi nyeupe, viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cha kijani na maua ya plastiki, na maji ya chupa kwa wale wa mbele. Pembeni ya hema waliweka rundo la yale mawe yao yaliyosagwa, ili kutuonyesha tulichokuwa tunakikanyaga miaka yote bila kujua. Meneja alikuwa mtu mrefu wa bara mwenye kofia ya plastiki kichwani, ingawa juu yake palikuwa na turubai tu. Yule binti karani alikaa kando na mafaili yake. Aliponiona alinisalimia kwa mikono miwili, akaniuliza kama yule anayechechemea amepona. Nilitamani ardhi initie ndani, bila kungoja kuchimbwa.

Dua ikaombwa, na Mkristo mmoja naye akaomba, tukasema amina kwa wote. Meneja akasimama. Alizungumza juu ya kazi kwa vijana, barabara, darasa jipya. Kila alichosema, mwanamume mmoja tusiyemjua alipiga makofi. Kisha akasema kampuni ina moyo sana na wafugaji, na ndiyo maana ilituma mtu kuhesabu kwanza, na kwa kuwa mifugo iliyopatikana ni michache mno, kampuni iko tayari kuwanunulia wale ngamia wawili jiwe la chumvi la dukani.

Shemeji yangu akanyanyuka. Nilimhurumia. Alisema salamu ndefu, akamtaja Mungu, akamtaja Mtume, akasema mifugo ni mingi.

"Mingapi, mzee?" akauliza meneja, kwa heshima.

Shemeji akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Akakaa.

Sikuhitaji kusema kitu, maana vumbi lilikuwa limeshaonekana. Kwanza watu walidhani ni gari. Halafu kengele zikasikika, zile za mbao, kok, kok, kok, na shingo ya kwanza ikatokea juu ya kichaka. Mwanangu alikuwa nyuma, mkewe ubavuni, na mbele alikuwa yule jike mkubwa mwenye mimba, amenyoosha pua. Alikuwa ameinusa chumvi. Ngamia aliyekaa miezi bila chumvi hajui hema ni nini.

Walitembea tu, hawakukimbia, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Wengine walizunguka hema, wengine waliona njia fupi ni katikati. Viti vya plastiki vikavunjika kama biskuti. Yule wa makofi akapanda juu ya kiti na kiti kikamkataa. Dume wangu mmoja mchanga alichukua maua ya plastiki mezani, akayatafuna, akayatema juu ya hotuba. Na jike mkubwa akaenda moja kwa moja kwenye lile rundo la maonyesho, akapiga magoti ya mbele, ya nyuma, akajilaza juu yake kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari, akaanza kulamba.

Meneja alikuwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili. "Hawa ni wa nani?" akauliza.

"Ni wale wawili," nikasema. "Wamezaa."

Sasa watu wakacheka, hata dereva wao. Karani hakucheka. Alikuwa ameduwaa, anawatazama, kisha ananitazama mimi, na nikaona kwamba nimemwumiza. Aliniamini. Alilia kwa ajili yangu. Akafungua faili, akatoa kalamu, akaanza kuwahesabu kwa kuonyesha kidole. Nilisikia wazee nyuma yangu wakianza kusoma A'udhu billahi. Alifika kwenye kumi na kitu, ngamia wakageuka, akaanza upya. Akaanza tena. Mwisho akaja kwangu.

"Nyanya, niambie wewe. Ni wangapi?"

Ulimi wangu ulikuwa mkavu kuliko huo udongo. Nilijaribu. Wallahi nilijaribu, na nambari ikakataa kupita kooni. Ilikaa pale kama mfupa. Nikamwambia, "Binti, siwezi kukutajia nambari. Lakini hawa ni watu wa nyumbani kwangu. Nitakutambulisha."

Nikaenda kwa jike mkubwa, nikamshika sikio, nikamwita kwa jina lake, nikamweleza karani mama yake ni nani na alizaliwa mvua ipi. Karani akaandika. Nikaenda kwa wa pili, binti yake, jina lake, tabia yake, anapiga teke akikamuliwa na mkono wa kushoto. Akaandika. Wa tatu. Wa nne. Nilikwenda hivyo chini ya jua, ngamia kwa ngamia, na kila mmoja alipoitwa alinyanyua kichwa, na binti wa watu akinifuata na viatu vyake vilivyojaa mchanga, anaandika jina chini ya jina. Sikuruka hata mmoja, hata yule wa upele. Ilichukua muda mrefu. Maafisa walimaliza maji yao yote.

Mstari wa majina ulijaa kurasa ngapi, ni siri yangu na ya karani.

Nikarudi kwenye kiti changu, kikiwa kizima kwa bahati, na nikawaangalia wazee. Sikusema neno. Jambo hilo ni gumu kwangu, lakini nililiweza.

Alianza yule wa upara. Alinyanyuka, akajifanya anakwenda kunyoosha mgongo, akapita nyuma ya hema, akatokea upande wa karani. Akainama. Akaweka kiganja kati ya mdomo wake na sikio la yule binti, akanong'ona. Binti akashtuka. "Wangapi?" akasema kwa sauti, na mzee akamwashiria kwa macho, shh, shh, akaonyesha kwa kidevu upande wa wenzake. Ndipo nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulielewa tangu kofi la mama. Wanaume wale hawakuwa wanawaficha wageni. Walikuwa wanafichana wao kwa wao.

Baada yake akaenda mwingine. Kisha wakapanga foleni. Wazee wazima, ndevu nyekundu za hina, wamepanga foleni kama wake zao kwenye kliniki, na kila mmoja anahakikisha aliye nyuma yake amesimama mbali. Mmoja alimwomba karani asogeze hijabu sikioni. Karani alikuwa Mkristo, ilikuwa kitambaa tu cha kujikinga na jua. Shemeji yangu alikuwa wa mwisho. Alinong'ona muda mrefu kuliko wote. Karani alimwandikia, akakitazama alichoandika, akamtazama.

"Mzee," akasema, "na uliniambia huna paka."

"Baka," akasema shemeji, "kweli sina."

Na chifu? Chifu alingoja watu watawanyike. Nilimwona kwa nyuma ya gari la meneja, amemwinamia karani, kofia mkononi.

Sisemi tulishinda. Baada ya wiki tatu za barua na watu kuja na kwenda, kampuni ilichukua nusu, ile ya mashariki, ambayo ndiyo yenye mawe mengi na, kama unavyotegemea, ndiyo yenye chumvi nzuri. Magharibi tuliachiwa, na pengo kwenye ua la kupitishia wanyama, na bango lenye picha ya ngamia iliyochorwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kumwona. Malori yao yanakata njia yetu. Vumbi lao linakaa kwenye mitungi na kwenye chai. Mashimo waliyokwisha kuyachimba hawayafukii, wanasema watayafukia mwisho, na mwisho ni neno wanalolipenda.

Kwenye shimo mojawapo ndama wangu aliingia mwezi uliofuata, akavunjika mguu. Tulimchinja. Shemeji alikuja kula nyama, alikula vizuri, akafuta mikono, akasema kwa huzuni, "Nilikwambia. Uliwataja."

"Nilimtaja mama yake," nikasema. "Yeye alikuwa hajazaliwa. Jicho lako linaona mpaka tumboni?"

"Allah ndiye ajuaye."

"Na kampuni inajua. Shimo si la jicho. Nimelipima, linanifika kifuani. Kesho unakuja nami kwa meneja, wewe na fimbo yako, tukawaambie wafukie."

Alisema goti linamuuma. Lakini alikuja. Hawajalifukia lote, wamezungushia miiba, na wanaiangalia. Usiku bado naamka kuhesabu dhambi zangu, nikiifikia ile ya kutaja naipita haraka haraka.

Jike mkubwa alizaa salama, jike tena. Kiangazi hiki nimempeleka mwenyewe kwenye chumvi, kwa sababu mwanangu alikuwa Garissa na mkewe ana kazi. Tulipita penye pengo, sisi na wenzetu, mlinzi akatusalimia. Jike mkubwa alipofika katikati, mahali ambapo malori yanakata kwenda kwenye mashimo, alinusa chini, akaona papo hapo panafaa, akalala. Ndama wake akalala naye. Wengine wakaona mkubwa amelala, nao wakalala barabarani.

Lori la kwanza likasimama. La pili. Dereva akapiga honi, na jike langu akamtazama, akaendelea kulamba. Mlinzi akanijia mbio. "Mama, tafadhali, waamshe. Kuna mzigo unakwenda Nairobi."

Nikatandika kanga yangu kivulini mwa tairi la lori lao, nikakaa.

"Mwambie azime gari," nikasema. "Ndiyo kwanza ameanza."